Jicho la Kuazima

Mwanamke akitoka mashineni na unga wake, akafika nyumbani akauchekecha upya, watu watasema huyo ana wasiwasi. Akifanya hivyo ndoa yake yote, watu watampa jina. Ndivyo Bi Chekeche alivyopata lake, na wala hakulichukia. Mumewe alikuwa bingwa wa wadudu wa nafaka, mtu aliyeitwa nchi za mbali kuwaambia wakubwa wa huko ni mdudu gani aliyeingia ghalani mwao. Kwa Bi Chekeche ilikuwa aibu isiyo na mfano mdudu huyo huyo akutwe anaogelea kwenye uji wa watoto wake.

"Mkimwona seremala amekalia kigoda kibovu msishangae," alizoea kuwaambia wake za wanawe. "Lakini hapa kwangu hamtaona."

Mumewe, mtaa mzima ulimwita Profesa Dumuzi. Wadogo kwa utani, wakubwa kwa heshima, na yeye aliitikia kote sawasawa. Alimwoa Bi Chekeche angali mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwembamba anayekusanya wadudu kwenye viberiti vitupu. Ndugu wa mwanamke walimwonya dada yao: huyu mwanamume anaweka wadudu mfukoni. Akawajibu kwamba wanaume wengine huweka mfukoni mambo mabaya zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza darasa la saba, wa tatu katika shule nzima, mwaka ambao nafasi za kuendelea zilikuwa mbili. Hilo hakulisahau, na hakupenda mtu mwingine alisahau.

Mume akasoma. Akaenda ng'ambo, akarudi, akaenda tena, na kila aliporudi alikuta mtoto mwingine ameanza kutembea. Bi Chekeche alilea, alilima bustani nyuma ya nyumba, alisimama mlangoni pa shule watoto walipofukuzwa na alisimama hapo hapo walipofaulu. Mume akawa profesa. Alipotimiza umri wa kustaafu, chuo cha nyumbani kilimpigia makofi, kikampa saa ya ukutani na kikamwomba ufunguo wa chumba chake. Saa yenyewe ilisimama kabla hata hawajapata msumari mzuri wa kuitundika.

Basi hapo ndipo wengine huanza kufa. Hawafi kwa ugonjwa, wanakufa kwa kukaa. Profesa hakukaa. Taasisi moja ya ng'ambo ilimwita akafundishe vijana wao kutambua wadudu, kwa mkataba wa mwaka, ukiisha wanaongeza mwaka. Kule mvi si kosa, mradi unajua jambo ambalo wao hawalijui. Alikwenda na kurudi miaka mingi, kila safari na sweta jipya na goti bovu zaidi. Safari moja alimchukua na mkewe, na Bi Chekeche akajionea kwa macho yake. Ghorofa ya chini ya jengo lile ilikuwa na korido ndefu, na korido nzima ilikuwa ya wazee, kila mlango na nchi yake. Mmoja wa nyota, mmoja wa mifupa ya kale, na bibi mmoja wa mito aliyekuwa amepaka nywele rangi nyeusi hadi masikioni. Wote walitembea haraka sana, ili wasionekane kwamba wanatembea polepole. Wakati wa chakula walizungumza kila jambo chini ya jua, isipokuwa magoti.

"Hawa wote wamestaafu kwao?" Bi Chekeche alimuuliza mumewe.

"Wote."

"Na wanaogopa nini?"

Profesa alicheka. "Wanaogopa kibaraza."

Kibaraza alichokisema alikijua mkewe. Kilikuwa cha jirani yao kule nyumbani, Mzee wa Mawe, profesa wa miamba. Naye aliwahi kuitwa ng'ambo baada ya kustaafu, miaka kadhaa, kisha mwaka mmoja simu haikulia. Akaweka kiti kibarazani. Tangu hapo ukipita asubuhi utamsikia akiuliza, "Gari la nani hilo limepita?" Ukipita jioni, anauliza lilelile. Profesa Dumuzi alimpenda sana yule mzee, lakini akishatoka kwake alikuwa akimwambia mkewe, "Siku utakaponisikia nauliza gari la nani limepita, waite watu mnizike. Nitakuwa nimeshakufa, bado tu kuoza."

Alisema kwa mzaha. Mzaha wa mtu mzima una mfupa ndani.

Macho ndiyo yaliyomwahi. Daktari aliita presha ya macho. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone ya dawa ni ya kuchelewesha kilichobaki. Walipotoka nje Profesa alisimama kwenye ngazi za hospitali akamshika mkewe mkono wa juu, karibu na bega, akaubana.

"Watoto wasijue. Na Mwanafunzi asijue kabisa."

Mwanafunzi ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara kule ng'ambo. Alikuwa mtu wa huku huku nyumbani, Profesa alimfundisha tangu hajui kushika koleo la wadudu, na sasa alikuwa na upara na wajukuu wawili, lakini pale nyumbani jina lake lilibaki Mwanafunzi. Kwa ajili ya goti, alikuwa ameshamruhusu mwalimu wake afanyie kazi nyumbani. Chupa ndogo zenye wadudu zilitumwa, Profesa akizitazama na kupiga simu: huyu ni fulani, huyu ni fulani. Kwa goti walimhurumia. Kwa macho wasingemhurumia, wangemshukuru, na Profesa alijua shukrani ya namna hiyo inaishia wapi.

Kazi yenyewe ilifanyika katika chumba kilichokuwa cha kulala wavulana wao. Kitanda kilitolewa, ikaingia meza nzito karibu na dirisha, na juu ya meza hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo, chenye taa yake chini. Pembeni kulikuwa na sindano, vibao vya kioo, pamba, na kigoda chenye mto alioushona Bi Chekeche kwa kitambaa cha pazia kuukuu. Ukutani bado ilikuwapo michoro ya kalamu ya watoto, mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu miwili isiyo na kiwiliwili.

Siku moja alimpelekea chai, akamkuta amekaa na mdudu yuleyule aliyemwacha naye tangu alfajiri. Jicho limebandikwa kwenye hadubini, machozi yanatiririka hadi kidevuni, na si ya kilio, ni ya kukaza.

"Hebu njoo," Profesa alisema bila kuinua kichwa. "Kaa hapa. Niambie unaona nini."

"Namwona mdudu."

"Hilo hata yeye analijua. Ana nini?"

Akamwambia. Akamwambia rangi, akamwambia vinyweleo, akamwambia kwamba mguu wa nyuma una miba kama mwiba wa samaki. Profesa alifumba macho akisikiliza, kisha akamtaja mdudu jina lake kama anayemtaja mtu wa ukoo. Siku ile walitazamana kama vijana walioiba kitu pamoja.

Wakawekeana sharti. Yeye aseme anachokiona tu, si anachodhani. Na mume asimuulize swali la ndiyo au hapana.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Chekeche.

"Kwa sababu swali la ndiyo au hapana limeshabeba jibu mgongoni. Hasa akiulizwa mke."

Na sharti lilishika. Chupa zilikuja, chupa zilikwenda, na Mwanafunzi alikuwa akisema simuni, "Mwalimu, wewe jicho lako halizeeki." Bi Chekeche akisimama pembeni na kitambaa cha kufutia vioo, kifua kimemvimba, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wadudu hakuwajua majina, na hakujifanya kuwajua. Alikuwa jicho. Lakini wa tatu katika shule nzima alikuwa amepata nafasi yake, na alikaa juu ya kile kigoda akiwa amenyoosha mgongo.

Sasa, katika wadudu wote wa maghala kuna mmoja Profesa alimwita Mharibifu. Huyo akiingia nafaka, watu hawapeti wala hawaaniki, wanateketeza. Na ana mwenzake anayefanana naye kama pacha, asiye na madhara makubwa, ambaye Profesa alimwita Binamu. Tofauti yao iko kwenye pembe, zile nyuzi mbili za kichwani. Mwisho wa pembe kuna kirungu kidogo, na shavuni kuna kijibonde ambamo kirungu hulala. Kirungu kikikijaza kijibonde chote, huyo ni Binamu, mwacheni aende. Kikibakiza nafasi, huyo ni Mharibifu.

Chupa ile ilifika wakati meli ya nafaka imezuiwa gatini kule ng'ambo kwa sababu ya mdudu aliyekutwa ndani yake, na simu ya Mwanafunzi ilifika kabla chupa haijafunguliwa.

"Mwalimu, wenye meli wamejaa ofisini kwangu. Wananitazama kama niliyewafichia mtoto. Naomba neno lako leo."

"Nipe nafasi ninywe chai, nitakupigia," alisema Profesa, akakata simu. Chai hakuinywa.

Lisilosemwa pale wote wawili walilijua. Mdudu akiwa Binamu, kazi ingekwisha kwa simu. Akiwa Mharibifu, Profesa angepaswa kumpasua kichwa kwa mkono wake, atoe mdomo wa mdudu mdogo kuliko punje ya mchanga, aupige picha, kisha akae mbele ya kioo cha kompyuta aulizwe maswali na mabingwa wengine huku wakimtazama anavyotazama. Na hilo hakuna mke ambaye angeweza kumfanyia kwa kujificha nyuma ya pazia.

"Anza na mgongo," alisema.

"Wa kahawia. Una mabaka kama chai iliyomwagikia kitambaa."

"Vinyweleo?"

"Vipo. Vimelala kuelekea nyuma."

"Mgeuze. Kichwa."

Akamgeuza kwa ncha ya sindano. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa mume. "Pembe ina kirungu. Kimelala kwenye kijibonde cha shavu."

Profesa akageuza uso dirishani. Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, gurudumu moja linalia. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa nyepesi, haikuwa ya darasani.

"Na kirungu kimekijaza kijibonde chote, sivyo?"

Bi Chekeche aliona. Kulikuwa na nafasi. Nyembamba, kama weupe wa ukucha unaohitaji kukatwa, lakini ilikuwapo. Akainua kichwa amwambie, na ndipo akamwona mumewe. Alikuwa ameegemea meza kwa mkono mmoja, anapapasa ukingo wake kwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Shati alilifunga vifungo kombo. Maisha yao yote mwanamume yule hakuwahi kumwomba kitu. Alikuwa akitaka, au akipewa.

"Ndiyo," alisema Bi Chekeche. "Kimejaza."

Mchana ule Profesa alikula sahani mbili, akapiga mluzi. Kule ng'ambo meli ikafunguliwa, na nafaka ikagawiwa kwenye maghala ya miji kadhaa.

Bi Chekeche alijiambia kwamba pengine hakuona vizuri. Pengine ulikuwa mwanga. Kwani yeye nani, amekuwa bingwa lini? Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili, na wakili wake alikuwa ule unyonge ambao siku nyingine asingekubali mtu amtajie. Lakini alipokuwa akichekecha unga alijikuta anauchekecha uleule mara ya tatu. Mume alipokwenda kuoga, alijifungia katika chumba cha wavulana, akakitoa kile kibao cha kioo kwenye kisanduku chake, akawasha taa. Nafasi ilikuwa palepale. Haikuwa imehama.

Wiki zikapita, simu ikalia. Mwanafunzi hakuanza na utani.

"Mwalimu, yule Binamu wetu ana njaa ya ajabu. Ghala moja limekuwa vumbi. Vijana wangu wanasema ni Mharibifu, mimi nimewaambia Mwalimu ametamka Binamu, na Mwalimu hajawahi kukosea. Tunabishana mpaka tunachekwa. Njoo. Tiketi natuma. Ukae nasi msimu mzima, uwakalishe vijana hapa, uwaonyeshe kwenye hadubini kubwa, kila mtu aone."

Profesa aliposhusha simu uso wake ulikuwa wa yule kijana wa viberiti.

"Wananihitaji," alisema.

"Na macho?"

"Nitasema taa za kule zina mng'ao. Nitamwomba kijana mmoja aeleze anachokiona, kama somo. Ndivyo mwalimu anavyofanya, anauliza." Alikuwa ameshapanga yote. "Mdudu tunamjua. Kirungu kimejaza. Nitasimama tu pale niwaambie watazame vizuri."

Bi Chekeche alisema anakwenda kutazama maji jikoni. Hapakuwa na maji yoyote jikoni. Alisimama mbele ya jiko lililozimika, ameshika mfuniko wa sufuria, na hakujua auweke wapi. Aliona chumba kikubwa, vijana wengi, kioo kipana ukutani chenye kichwa cha mdudu mkubwa kama mlango, na ile nafasi nyeupe ambayo hata kipofu angeionyesha kwa kidole. Na mumewe amesimama chini yake akisema, tazameni vizuri, kimejaza.

Binti yao mshonaji alikuja kumfungia baba yake mzigo.

"Baba, koti hili limekuwa kubwa au wewe umekuwa mdogo?"

"Koti limekua. Nimelilisha vizuri."

"Na huko baridi hiyo utaiweza? Wenzio wa umri huu wanaota jua."

"Mwanangu, jua lipo kila mahali. Kazi haipo kila mahali."

Binti akacheka, akamgeukia mama yake. "Mama, mbona huongei? Unamwonea wivu?"

"Naongea na nani, ninyi hamjanipa nafasi," alisema Bi Chekeche, akakunja sweta lilelile mara ya pili.

Kisha wakaenda kwa Mzee wa Mawe kuaga. Alikuwa kibarazani, blanketi magotini. Profesa alikaa naye, wakataniana.

"Wamekuita tena? Wewe huzeeki?"

"Nazeeka. Ila nazeekea kazini."

"Hata punda huzeekea kazini, na hakuna anayemwita profesa."

Walicheka hadi Mzee wa Mawe akakohoa. Walipoondoka, Profesa alitangulia kushuka ngazi kwa kupapasa ukuta, akijifanya anaangalia rangi yake. Mzee wa Mawe alimshika Bi Chekeche upindo wa nguo.

"Shemeji. Anaona?"

"Anaona."

Mzee hakuiachia nguo. "Mimi mawe niliacha kuyaona kabla wao hawajaacha kuniita. Wakanipa jiwe mbele ya vijana, nikalipima mkononi, nikalitaja. Kumbe siyo. Wakacheka kwa adabu, shemeji. Mtu amefundisha baba zao, wakacheka kwa adabu, mikono mdomoni. Afadhali wangenizomea." Akaiachia nguo. "Haya. Afike salama huko aendako."

Njia nzima ya kurudi nyumbani, na ilikuwa fupi tu, Bi Chekeche alimshika mumewe mkono asijikwae. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huo msemo aliwahi kuwaambia wanawake wengi waliodekeza watoto. Hakudhani kuna siku mwana mwenyewe atakuwa na mvi.

Kesho yake ilikuwa siku ya safari. Gari la kwenda uwanja wa ndege lingekuja baada ya chakula cha mchana. Asubuhi alimkuta katika chumba cha wavulana akifuta hadubini kwa kitambaa laini, sehemu ileile, juu na chini.

"Kaa," alimwambia.

"Nimesimama vizuri."

"Kaa, baba watoto."

Akakaa. Bi Chekeche alibaki amesimama, mikono kaifunga mbele, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Kirungu hakikujaza."

Profesa hakuelewa, au hakutaka. "Kirungu gani?"

"Cha yule mdudu wa meli. Kuna nafasi. Nimemtazama tena. Nafasi ipo."

Kitambaa kikaacha kutembea. "Ulimtazama tena lini?"

"Ulipokuwa ukioga. Baada ya ile siku."

"Basi siku ile hukuona vizuri. Uliona baadaye."

Alimpa mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Bi Chekeche aliutazama.

"Niliona siku ileile."

Kwenye dirisha nzi alijipiga, akapumzika, akajipiga tena.

"Ukaniambia kimejaza."

"Nikakuambia kimejaza."

"Kwa nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Uliuliza kama mtu anayeomba maji," alisema Bi Chekeche. "Sikuwa na mkono wa kukunyima."

Profesa alifunika uso kwa ile mikono yake mirefu, kitambaa kimebaki katikati ya vidole. Alikaa hivyo muda, na mkewe akadhani analia, kumbe alikuwa akifikiri, kwa sababu alipoiondoa alikuwa mkavu kabisa, na sauti ilikuwa ya darasani.

"Sharti nililivunja mimi. Swali lile nilikuuliza mimi." Kisha akasogea kutoka kwenye kigoda. "Kaa. Mweke. Sema. Mimi sitasema kitu."

Akamweka mdudu, akasema yote tangu mwanzo. Mgongo, mabaka, vinyweleo, kichwa, kirungu, kijibonde, na nafasi ile. Akasema upana wake na upande uliko. Mume hakufungua mdomo. Alipomaliza, Profesa alitamka jina la Mharibifu, lile refu la kitabuni, pole pole, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. Akaomba apewe simu.

"Mwalimu," Mwanafunzi aliitikia, amechangamka, "umeshatoka nyumbani?"

"Yule mdudu ni Mharibifu. Teketezeni."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa. Kisha, "Mwalimu, labda chupa zilichanganyika. Mimi nitasema hivyo. Chupa zilichanganyika njiani, hakuna atakayeuliza. Wewe njoo tu."

Bi Chekeche alisikia kila neno, maana mumewe simu alizoea kuifungulia sauti. Aliuona uso wa mumewe ukipita penye lile neno, njoo tu, ukasimama hapo, ukashindwa kuondoka. Mtu mwenye kiu ameonyeshwa maji mara ya pili. Hakutaka kumwona anavyochagua. Akaichukua simu mkononi mwake.

"Mwanangu, ni mimi. Chupa hazikuchanganyika. Mwalimu wako haoni. Aliyetazama ni mimi, na nilisema uongo."

"Mama?"

"Haoni kwa muda mrefu sasa. Hata wewe ukisimama hapa mbele yake atakujua kwa sauti."

Mwanafunzi alipumua. Ilisikika kama mtu anayeweka mzigo chini, au anayeubeba. Akasema maghala manne yameshaingiliwa, na kwamba ile ilikuwa nafaka ya watu waliokuwa wakiisubiri tangu ukame. Alisema bila kulaumu, kwa adabu kubwa sana. Kisha akasema, "Asante, Mama. Mwambie Mwalimu apumzike. Habari ya safari tutaongea."

Hawakuongea. Gari lilikuja baada ya chakula, likapiga honi, likaambiwa lirudi. Binti alipiga simu mchana kuuliza kama baba ameshapanda ndege, na hilo nalo Bi Chekeche akalisema, kwa kuwa kinywa kilishafunguka: baba yako hasafiri, baba yako haoni. Mtoto alilia kwenye simu, mama hakulia. Unga ulikuwa haujachekechwa. Hakuuchekecha siku ile, wala siku nyingi zilizofuata.

Profesa hakumnunia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliifunika hadubini kwa foronya, akaisukuma ukutani chini ya ile michoro ya watoto. Kigoda chenye mto akakibeba mwenyewe, akipapasa milango, akakiweka kibarazani. Chupa hazikuja tena. Mara moja kilikuja kifurushi kutoka ng'ambo, mkewe akakifungua mbio mbio. Kilikuwa saa ya ukutani, nzuri kuliko ile ya kwanza.

"Ni nini?" aliuliza Profesa.

"Ni saa."

"Inatembea?"

"Inatembea."

Alitikisa kichwa, kama anayepokea salamu za rambirambi.

Wakawa wanakaa pale nje wawili, yeye kwenye kigoda, mkewe kwenye ngazi, na ng'ambo ya barabara Mzee wa Mawe chini ya blanketi lake akiwapungia mkono ambao mmoja tu kati yao aliuona. Bi Chekeche alikuwa akisubiri jambo moja, na alilisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Kila injini iliposikika kwenye kona, mabega yake yalipanda. Profesa aligeuza sikio, akafuata sauti hadi ikapotea, asiseme kitu. Likapita la maji. Likapita la shule. Siku zikapita hivyo, na Bi Chekeche akaanza kufikiri kwamba pengine hatauliza, mwanamume yule ana kiburi, pengine atakufa na swali lake mdomoni.

Asubuhi moja likapita gari dogo, haraka, na vumbi nyuma yake. Profesa aligeuza sikio. Vidole vyake vilianza kupapasa ukingo wa kigoda, kwenda na kurudi.

"Gari la nani hilo limepita?"

Bi Chekeche aliinua kichwa. Zamani angelitaja tu gari lolote, la mwalimu mkuu, la yule muuza matofali, ilimradi jibu lipatikane na roho ya mtu itulie. Barabarani vumbi lilikuwa bado linashuka.

"Sijui," alisema. "Sikuliona vizuri."

Profesa akatulia. Kisha akasema, taratibu, "Basi niambie ulichokiona."

Akavuta pumzi, akanyoosha mgongo pale kwenye ngazi, akaanza kumwambia. Kilikuwa kidogo sana.